Marekani kufunga ofisi, Marekani kufika kikomo cha deni: ni magomvi mawili

Oktoba na Novemba 2025, pale watu wanaposimama kubishana siasa karibu na Posta hapa Lubumbashi, maneno matatu yalizunguka sana. «Marekani imefilisika.» «Leta yao (serikali yao) imefunga kwa sababu deni limejaa.» «Ndiyo maana dola inashuka kwa makambisti (wabadilisha pesa).» Yote matatu si kweli, na inafaa kuyafungua moja moja, kwa sababu ugomvi huu utarudi. Siku ukirudi kwa sura yake mbaya zaidi, utatugusa sisi tunaoweka akiba kwa dola na kuuza shaba kwa dola.

Tuanze na la wazi. Serikali ya Marekani ilifungwa siku 43, toka 1 Oktoba mpaka usiku wa 12 Novemba 2025. Mpaka wakati huo haikuwa imewahi kufungwa muda mrefu hivyo. Lakini katika siku hizo zote Hazina yake iliendelea kupiga mnada hati za mkopo kila wiki, wanunuzi wakaja kama kawaida, na kila aliyedai riba alilipwa siku yake. Pesa ilikuwepo, ilikosekana sheria ya kuitoa. Deni nalo lilikuwa limevuka dola trilioni 38 mwezi huo huo wa Oktoba, na kikomo kilikuwa trilioni 41.1, kwa hiyo nafasi ya kukopa ilikuwepo tele. (Trilioni moja ni bilioni elfu moja, zile ambazo redio za Kifaransa zinaita «mille milliards».)

Shika tofauti hii kabla ya mengine. Ofisi zinafungwa pale Kongresi, yaani bunge lao, inaposhindwa kupitisha ruhusa ya matumizi ya mwaka. Kikomo cha deni kinahusu ruhusa ya kukopa ili kulipia matumizi ambayo Kongresi hiyo hiyo imekwisha kuyapitisha. Ni sheria mbili zenye kalenda mbili. Ya kwanza inaumiza wafanyakazi na watu wanaohudumiwa. Ya pili, siku ikivunjika kweli, itaumiza kila anayeshika dola duniani.

Ofisi zinafungwaje

Mwaka wa bajeti wa Marekani unaanza 1 Oktoba na kuisha 30 Septemba. Katiba yao, ibara ya kwanza, kifungu cha 9, inasema hakuna pesa inayotoka Hazina isipokuwa kwa sheria ya matumizi. Sheria hizo ni 12 kila mwaka: ya ulinzi, ya kilimo, ya uchukuzi na nyumba, na kadhalika. Kila moja inapita Baraza la Wawakilishi, inapita Seneti, kisha inasainiwa na rais. Mara ya mwisho zote kuwa tayari kwa wakati ilikuwa kwa mwaka wa bajeti wa 1997. Miaka mingine wanaokolewa na sheria ya muda, inayosema tu: endeleeni kutumia kwa kiwango kilichopo mpaka tarehe fulani.

Mtego uko Seneti. Ina viti 100, na ili mjadala ufungwe kura ya mwisho ipigwe, sheria ya matumizi inahitaji kura 60. Chama chenye 51 au 53 hakiwezi kuipitisha peke yake. Mwaka 2025 Warepublican walikuwa 53. Sheria ya muda ilipita Baraza la Wawakilishi Septemba, ikafika Seneti na kukwama humo, kwa sababu Wademokrati walitaka kwanza ruzuku ya bima ya afya, iliyokuwa inaisha 31 Desemba, iongezewe muda. Warepublican wakasema fungueni ofisi kwanza, ya bima tutazungumza baadaye. Kura ikarudiwa na kurudiwa. Tarehe 10 Novemba hesabu ikatimia: Rand Paul, Mrepublican, alikataa, wakabaki 52; wakaja saba wa Democratic na mmoja asiye na chama anayekaa nao, ndiyo 60 kwa 40. Siku mbili baadaye Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa 222 dhidi ya 209 na rais akasaini usiku huo huo. Ruzuku ya bima haikuwemo. Kura waliyoahidiwa juu yake ilipigwa Desemba na haikufika 60.

Kitu ambacho wengi hawajui, hata Wamarekani wengi, ni kwamba Katiba yao haisemi popote kuwa ofisi zifungwe. Kabla ya 1980 sheria zikichelewa, ofisi zilibana matumizi na kuendelea na kazi, zikijua Kongresi italipa nyuma. Benjamin Civiletti, mwanasheria mkuu wa Rais Jimmy Carter, ndiye aliyebadili mambo. Kwa maoni yake ya Aprili 1980 na mengine ya Januari 1981, alisema sheria ya zamani ya mwaka 1884, inayokataza ofisi kuingia gharama bila kibali cha Kongresi, maana yake ni kwamba kibali kikikosekana ofisi isimame, isipokuwa kazi za kulinda maisha ya watu na mali. Tangu hapo ndipo silaha hii ilipopatikana. Anayeivunja sheria hiyo kwa makusudi anaweza kutozwa faini mpaka dola 5,000 au kufungwa mpaka miaka miwili, ndiyo maana wakuu wa ofisi wanaifuata kwa woga.

Asubuhi ya kwanza inakwenda hivi. Kila wizara ina mpango wake uliokwisha kuandikwa, unaogawa wafanyakazi mafungu mawili: wanaobaki kazini bila mshahara, na wanaorudishwa nyumbani. Wa fungu la pili nao wanafika ofisini siku hiyo, lakini kwa saa zisizozidi nne. Wanapokea barua, wanaweka jibu la moja kwa moja kwenye barua pepe, wanafunga makabati ya faili, wanaahirisha mikutano, wanazima mashine, wanaondoka. Wakifika nyumbani hawaruhusiwi kufungua barua pepe za kazi hata kwa kujitolea, kwa sababu sheria ile ile inakataza serikali kupokea kazi ya bure.

Mshahara wao ni wa kila wiki mbili, na hapo ndipo maumivu yanapokuja kidogo kidogo. Malipo ya kwanza baada ya kufungwa yanatoka nusu, kwa sababu yana siku za Septemba ndani yake. Ya pili ni sifuri. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza wanasiasa wanaonekana wametulia. Presha inapanda kuanzia wiki ya nne. Tangu 2019 ipo sheria inayohakikisha wafanyakazi wa serikali watalipwa mishahara yao yote ya nyuma. Haiwahusu wafagiaji, walinzi na wapishi walioajiriwa na kampuni zenye mikataba na serikali. Hao siku zao zimepotea, na ndio wenye mishahara midogo kuliko wote. Kwangu hili ndilo jambo chungu kuliko yote katika mchezo huu, na halitajwi sana kwenye hotuba za upande wowote.

Vinavyoendelea ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Pensheni, matibabu ya wazee na riba ya deni havisubiri sheria zile 12. Vina sheria zao za kudumu. Sheria 12 zinagusa kama robo tu ya matumizi yote. Posta inaishi kwa stempu na vifurushi. Benki Kuu yao haipokei pesa ya bajeti, na benki za biashara hazihusiki kabisa. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, ambao benki zao zilifunga milango mwanzoni mwa 2025 vita ilipoingia mjini, wasidhani ndicho kilichotokea Washington. Kule mtu aliendelea kutoa pesa kwenye mashine saa yoyote.

Vinavyokatika vinakatika vibaya. Mwaka 2025 msaada wa chakula unaowafikia watu kama milioni 42 ulikwama Novemba. Mfuko wa dharura ulikuwa na chini ya dola bilioni 5, na mwezi mmoja unahitaji zaidi ya bilioni 8, kesi zikakimbilia mahakamani. Takwimu za ajira za Septemba, zilizokuwa zitoke 3 Oktoba, zilitoka 20 Novemba, na kiwango cha ukosefu wa ajira cha Oktoba hakikutolewa kabisa, kwa sababu wadodosaji hawakwenda kwa watu mwezi huo. Hesabu hiyo haitapatikana tena milele.

Halafu kuna viwanja vya ndege. Waongoza ndege wanafanya kazi bila mshahara, na baada ya mwezi mmoja baadhi wanaanza kukosa kazini. Tarehe 25 Januari 2019, siku ya 35 ya ofisi kufungwa kwa ugomvi wa ukuta wa mpaka wa Mexico, uwanja wa La Guardia wa New York ulisimamisha ndege kwa muda kwa upungufu wa waongoza ndege, na siku ile ile Rais Donald Trump alikubali kufungua ofisi bila kupata dola bilioni 5.7 alizotaka kwa ukuta. Novemba 2025 mamlaka ya anga iliamuru safari zipunguzwe kwenye viwanja 40 vikubwa, kuanzia asilimia 4. Siku chache baadaye kura 60 zikapatikana. Ukitaka kubashiri mwisho wa kufungwa kwa serikali ya Marekani, tazama foleni za viwanja vya ndege kabla ya kusikiliza hotuba.

Na je, anayefunga anapata anachotaka? Mwaka 2013 Warepublican walifunga siku 16 ili kuzuia sheria ya afya ya Barack Obama, sheria ikabaki. Mwaka 2018 mpaka 2019, ukuta; Kongresi haikutoa pesa aliyoidai rais. Mwaka 2025, ruzuku ya bima, hawakuipata. Wanaoitetea silaha hii wanasema ndiyo pekee waliyo nayo walio wachache bungeni, na hoja hiyo ina uzito kwa upande wa haki. Kwa upande wa matokeo ni dhaifu. Ofisi ya bajeti ya Kongresi ilikadiria kuwa mgogoro wa 2018 na 2019 uliifutia nchi uzalishaji wa dola bilioni 3 ambao hautarudi, na hakuna chama kilichoweza kuonyesha kimenunua nini kwa pesa hiyo.

Kwa nini Kongo haifungwi namna hii

Katiba yetu ya 2006, ibara ya 126, ilikwisha kufikiria jambo hili. Serikali inaweka muswada wa bajeti Assemblée nationale si zaidi ya 15 Septemba, siku kikao cha Septemba kinapofunguliwa. Kama uliwekwa kwa wakati na wabunge hawakuupigia kura kabla ya 1 Januari, rais anauweka utumike, pamoja na mabadiliko ambayo mabaraza yote mawili yalikwisha kuyapigia kura. Kama serikali yenyewe ilichelewa, inaomba crédits provisoires, yaani ruhusa ya matumizi ya muda. Mabaraza yasipojibu ndani ya siku 15, rais anaziweka zitumike. Na kama mpaka siku ya kwanza ya mwezi wa pili bado hakuna bajeti, muswada unatekelezwa. Kila mlango wa kufunga umezibwa.

Bei yake ni kwamba Bunge letu halina meno. Mbunge wa Washington anaweza kuilazimisha serikali ikae mezani. Wetu akichelewesha, treni inaondoka bila yeye. Sidai kwamba ibara yetu ni bora kwa kila kitu. Nadai kwamba kufunga ofisi ni uamuzi wa sheria, na nchi inaweza kuandika sheria nyingine.

Ugonjwa wetu uko kwingine, baada ya kura. Ibara ya 175 inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa na inakatwa papo hapo kwenye chanzo. Haut-Katanga yenye shaba na kobalti yote hii haijawahi kuona ibara hiyo ikitekelezwa kama ilivyoandikwa. Bajeti ipo, imesainiwa, ina namba, pesa haifiki. Mwalimu wa mtaa wa Kenya au wa Katuba hapa Lubumbashi anayengoja mshahara hakuhitaji Kongresi yoyote kumfungia.

Sasa deni

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilitumia dola trilioni 6.75 na kuingiza trilioni 4.92. Gawanya kwa siku 365: inatumia karibu bilioni 18.5 kwa siku, inaingiza bilioni 13.5, na bilioni 5 inazikopa, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Riba peke yake mwaka ule ilikuwa karibu bilioni 880. Bajeti nzima ya Kongo ya 2025, kama dola bilioni 18, ni riba yao ya wiki moja na kidogo.

Kikomo kilianza na sheria ya 1917, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, ili Hazina iweze kutoa hati bila kurudi Kongresi kila mara. Mwaka 1939 wakaweka kikomo kimoja cha jumla: dola bilioni 45. Kilikuwa chombo cha kurahisisha kazi. Kimegeuka kamba shingoni, kwa sababu moja: kinabana mwishoni. Kongresi inapitisha matumizi, inapitisha kodi zisizotosha, pengo linaonekana tangu siku hiyo, kisha miezi mingi baadaye inapigiwa kura nyingine kama Hazina iruhusiwe kukopa pengo hilo. Ni sawa na familia iliyokwisha kuchukua mifuko ya unga dukani na kusaini daftari, halafu mwisho wa mwezi inakaa kikao kujadili kama baba aruhusiwe kulipa. Unga umekwisha kuliwa.

Linganisha na kikomo tulicho nacho sisi. Programu ya Kongo na FMI (Shirika la Fedha la Kimataifa), iliyoanza Januari 2025, inaweka kiwango cha juu cha mikopo mipya ya nje. Kinaangaliwa kabla ya waziri kusaini. Unaweza kubishana kama kiwango ni kidogo mno kwa nchi isiyo na barabara, na mimi ningebishana, lakini mahali kilipowekwa ni sahihi: mlangoni.

Kikomo cha Marekani kikifikiwa, mambo hayaharibiki siku hiyo. Hazina haiwezi kuongeza deni, lakini inaweza kubadilisha: hati ya zamani ikiiva ya bilioni 50, inauza mpya ya bilioni 50, jumla haikui. Kisha inaanza kile wanachokiita hatua zisizo za kawaida. Iliyo rahisi kuielewa ni mfuko mmoja wa akiba ya wafanyakazi wa serikali, unaoitwa Mfuko wa G. Pesa yake, karibu dola bilioni 300, inakaa kwenye hati maalumu za Hazina zinazoiva kila siku na kuwekwa upya kila siku. Kikomo kikibana, Hazina haiweki upya. Kwa kalamu tu, bilioni 300 za deni zinatoweka kwenye hesabu, na nafasi ya kukopa sokoni inafunguka. Sheria inaamuru kikomo kikipandishwa kila senti irudishwe pamoja na riba, kwa hiyo mfanyakazi hapotezi kitu. Hati za mfuko wa pensheni na za mfuko wa kulinda thamani ya sarafu nazo huachwa bila kuwekwa upya.

Hatua hizo zinaisha. Siku zinapoisha, na pesa taslimu imeisha, Wamarekani wanaiita siku ya X. Haiwezi kujulikana kwa uhakika, kwa sababu inategemea kodi inayoingia. Kalenda yake ina vituo: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari kodi kubwa zinaingia, tarehe 3 ya mwezi na Jumatano ya pili, ya tatu na ya nne pensheni zinatoka, katikati na mwisho wa mwezi riba za hati za muda mrefu zinalipwa. Ndiyo maana hatari inapenda kukaa mwanzoni mwa Juni: kodi za Aprili zimekwisha kuliwa, za 15 Juni bado hazijaingia.

Mwaka 2023 walifika ukingoni hapo hapo. Kikomo cha trilioni 31.4 kilifikiwa 19 Januari. Spika Kevin McCarthy alitaka matumizi yapunguzwe kwanza. Rais Joe Biden alisema deni halijadiliwi. Mwisho wa Mei akaunti ya Hazina ilishuka chini ya dola bilioni 40, na kumbuka inatumia bilioni nyingi kwa siku moja. Hati za muda mfupi zilizokuwa zinaiva mwanzoni mwa Juni zikadaiwa riba ya zaidi ya asilimia 6, huku zilizoiva mwisho wa Mei zikiwa chini sana: soko lilikuwa linaonyesha kwa kidole tarehe linayoiogopa. Baraza la Wawakilishi lilipitisha makubaliano kwa 314 dhidi ya 117, Seneti 63 dhidi ya 36, Biden akasaini 3 Juni. Siku ya X ilikuwa imekadiriwa 5 Juni.

Je, siku hiyo ingepita bila makubaliano? Hapo ndipo wengi wanasema kwa wepesi, «wangelipa riba kwanza, mengine yangengoja». Kwenye mitambo inawezekana kwa sehemu, maana riba na hati zinazoiva zinalipwa kupitia mfumo wa Benki Kuu, mbali na mishahara na pensheni. Lakini mifumo ya Hazina imejengwa kulipa kila ankara siku yake inapofika, na hakuna sheria inayompa waziri haki ya kuchagua nani angoje kati ya askari, mstaafu na hospitali. Yapo na mawazo ya kutengeneza sarafu ya platinamu ya dola trilioni moja, au kutegemea marekebisho ya 14 ya Katiba yanayosema uhalali wa deni la umma usitiliwe shaka. Hakuna rais aliyethubutu kuyatumia. Kuchelewa kidogo kumewahi kutokea: Aprili na Mei 1979, kikomo kilipopandishwa dakika za mwisho na mashine za kuandaa hundi zikaharibika, hati za karibu dola milioni 120 zililipwa kwa kuchelewa. Wenye hati walikuwa wadogo, na dunia ya 1979 haikuwa ya leo.

Unafiki katika jambo hili hauna chama. Hazina iliwahi kuhesabu kuwa tangu 1960 Kongresi ilipandisha, iliongeza muda au ilibadili kikomo mara 78: 49 chini ya marais Warepublican, 29 chini ya Wademokrati. Barack Obama akiwa seneta mwaka 2006 alipiga kura ya kukataa. Akiwa rais aliomba kipandishwe. Warepublican waliokibana 2023 ndio waliokiongeza kwa trilioni 5 tarehe 4 Julai 2025, ndani ya sheria yao kubwa ya kodi, kwa njia maalumu ya bajeti isiyohitaji kura 60. Makamu wa rais JD Vance ndiye aliyevunja sare, 51 kwa 50. Njia hiyo inaonyesha kwamba chama kinachoshika rais na mabaraza yote mawili hakina kisingizio. Hatari inakuja pale mamlaka yanapogawanyika.

Gharama imekwisha kuandikwa. Tarehe 5 Agosti 2011, baada ya mvutano wa Obama na Warepublican, kampuni ya kupima uaminifu wa wakopaji, S&P iliishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa. Kampuni nyingine ya kazi hiyo, Fitch, ikafuata 1 Agosti 2023, ikitaja waziwazi mivutano hii ya kikomo. Ya tatu, Moody's, ikamalizia 16 Mei 2025. Wakaguzi wa Kongresi walikadiria kuwa mvutano wa 2011 peke yake uliongeza gharama ya kukopa kwa dola bilioni 1.3 mwaka ule.

Kwa sisi wa Lubumbashi

Noti yako ya 100 haitabadilika usiku mmoja. Agosti 2011, hata baada ya kushushwa daraja, wawekezaji walikimbilia hati za Marekani, riba zake zikashuka. Iliyoumia ni shaba. Julai ile tani moja London ilikuwa zaidi ya dola 9,500. Mwanzoni mwa Oktoba ilikuwa karibu 7,000. Madeni ya Ulaya yalichangia sana, lakini hofu ilikuwa moja, na mji unaokula kwa shaba unaisikia hofu hiyo kwenye mikataba ya migodi, kisha kwa wenye malori ya Kasumbalesa, kisha sokoni.

Kushuka kwa dola Oktoba 2025 kwa makambisti, toka zaidi ya franga 2,700 mpaka chini ya 2,500, kulitoka Kinshasa: Banque Centrale iliuza dola sokoni na kuzibana franga za mabenki. Mgogoro wa Washington ungekuwa ndio sababu, dola ingeshuka hivyo hivyo mbele ya randi ya Afrika Kusini siku zile zile. Vivyo hivyo misaada iliyokatika mashariki: ilisimamishwa kwa amri ya rais ya 20 Januari 2025, na USAID ikaacha kazi 1 Julai, miezi mitatu kabla ofisi hazijafungwa. Visa nazo zinaendeshwa kwa ada wanayolipa waombaji, kwa hiyo ofisi kufungwa hakuzisimamishi kwa kawaida. Ukisikia visa zimesimama, tafuta amri ya rais.

Anayetaka kufuata mwenyewe asingoje redio. Kwa ofisi kufungwa, tarehe ni 30 Septemba au siku sheria ya muda inapoisha. Saa sita usiku ya Washington wakati huo ni saa kumi na mbili asubuhi hapa kwetu, na baada ya wao kurudisha saa nyuma Novemba, ni saa moja asubuhi. Kwa deni, Hazina yao inatoa taarifa ya kila siku ya kazi saa kumi jioni ya kwao, yaani saa nne usiku kwetu, au saa tano kuanzia Novemba mpaka Machi. Ni bure, na ina jedwali mbili za kutazama. Moja inaonyesha salio la akaunti ya Hazina lilivyofungwa siku ya kazi iliyotangulia. Nyingine inaonyesha deni linalohesabiwa chini ya kikomo, na kikomo chenyewe mstari wake. Toa deni hilo kwenye kikomo, ugawe kwa bilioni 5 kwa siku, na utakuwa na makadirio ya siku ya kufika kikomoni. Ongeza hapo miezi ya hatua zisizo za kawaida. Salio la akaunti likishuka chini ya bilioni 100 na kikomo kimekwisha kufikiwa, ndipo pa kuanza kuwa na wasiwasi.